Sauti Sifuri

Gemu ilikohoa. Haukuwa mlio wa gari wala wa bunduki. Kilikuwa kikohozi cha mtu, kikavu, cha kifua kilichochoka.

Wateja wawili waliokuwa wakishindana mbio za magari waliacha pedi za kuchezea wakatazamana.

"Umekohoa wewe?"

"Mimi? Labda gari lako lina mafua."

Wakacheka. Fundi, aliyekuwa akiangalia duka, hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ameshusha sauti ya jumla ya gemu zote hadi sifuri. Tangu dada yake afe hakutaka makelele mle ndani.

Duka hilo la gemu, mbele ya nyumba yao, lilikuwa la dada huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Ndani ya kompyuta moja alikusanya gemu za mashine za zamani zilizokwisha kutupwa, akaipa kila mashine mipangilio yake. Mzee mwenye mtoto wa jicho alikuziwa maandishi. Msichana mwenye mkono mmoja mzima alihamishiwa vitufe vyote upande huo, asione haya mbele ya wenzake. Mke wa Fundi alikuwa akikaa karibu yake akimenya viazi, na Shangazi akimfundisha.

"Ya jumla ni amri ya nyumba nzima, wifi yangu. Lakini ukimwandikia mmoja ya kwake, ya kwake ndiyo inashika. Jumla haimgusi tena."

Fundi alifungua mipangilio ya mashine iliyokohoa. Sauti: mia. Akaandika sifuri. Kesho yake mchana ikakohoa mashine iliyofuata kwenye orodha, na chumba kikajaa harufu ya dawa ya kuchua, ileile ambayo mkewe alikuwa akimpaka Shangazi kifuani alipolala mgonjwa chumba cha nyuma. Siku ya tatu mashine nyingine ikasema polepole, "Mdogo wangu. Maji."

Wateja walitoka bila kuaga. Fundi akabonyeza palipoandikwa: *Futa za kila mashine. Zote zifuate jumla.*

Uani, mkewe alikuwa akimimina maji kwenye ndoo. Aliyaona yakianguka, lakini hayakutoa sauti. Akageuka na kumwona binti yao wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa kuwa alisema hata akitafuna, akija mbio huku analia, mdomo wazi, machozi yakimtiririka, na hakuna kilichosikika.

Hospitalini daktari alimulika masikio yao, akaandika kwenye karatasi kwamba ni mazima. Mganga akaletwa. Alivuka kizingiti kwa mbwembwe, akaanza kisomo, kisha, asiposikia sauti yake mwenyewe, akashika koo kwa mshangao. Aliondoka viatu mkononi. Alipofika barabarani alisikia tena. Mama na mtoto hawakusikia hata huko.

Chiriku akaacha kusema. Alikaa mapajani mwa mama yake, kiganja kimebandikwa kifuani pake, akitafuta mtetemo wa ile sauti iliyokuwa ikimbembeleza.

Ila Fundi alikuwa anasikia. Mkewe alimwona akiinamisha kichwa, akijibu mtu asiyekuwepo. Akachukua daftari la mtoto, akaandika: *Mbona wewe unasikia?*

Fundi akachukua kalamu, akaandika:

*Siku aliyokufa dada, ulikwenda kliniki na mtoto, ukaniambia nimsikilizie. Nilivaa hedifoni nikacheza. Aliita anataka maji. Mara ya kwanza nilimsikia. Nikaongeza sauti.*

Mkewe alisoma taratibu, kidole kikifuata kila neno, kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Kisha akainuka akaenda kwenye kompyuta.

Hakuwa amewahi kuigusa peke yake. Akafungua orodha ya mashine, akaishuka, na chini kabisa, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu, aliona majina matatu, *Fundi*, *Wifi yangu*, *Chiriku*, na wakati huo harufu ya dawa ya kuchua ikamjia kisogoni, nzito, ya uvuguvugu kama pumzi ya mtu aliyesimama nyuma yake akisoma pamoja naye, na nywele zikamsimama kwa kuwa alijua kwamba akigeuka atamwona, na akimwona hatoweza kumaliza, basi hakugeuka, akafungua jina la mwanawe na kukuta halina chochote, linafuata jumla, sifuri, akaandika kwa kidole kimoja: mia.

Uani mtoto akapiga yowe. "Mama! Jogoo wa jirani anawika!"

Mama yake, ambaye bado hakusikia, alimsoma midomo kupitia mlango uliokuwa wazi. Akaandika mia kwenye jina lake mwenyewe, na dunia ikamrudia yote kwa pamoja: jogoo, pikipiki, mwanawe akilia na kucheka.

Likabaki jina la Fundi. Akalifungua, akakuta limekwisha kuandikwa. Sauti: mia. Chanzo cha sauti: chumba cha nyuma. Akaandika hamsini, ikarudi mia. Akaandika sifuri, ikarudi mia. Kilichobaki ni kitufe kimoja tu: *Futa. Ifuate jumla.*

"Futa," Fundi alisema nyuma yake. Alikuwa amepiga magoti. "Futa, mke wangu. Bora niwe kiziwi. Sisikii kingine sasa, namsikia yeye tu. Anasema koo limemkauka."

Mkewe alikuwa mwanamke wa huruma; nzi akiingia kwenye chai humtoa akamwacha aruke. Aliweka kidole juu ya kipanya. Harufu haikusogea wala kumsukuma. Ilisubiri tu, kama mgonjwa asiyependa kusumbua watu.

"Ulimsikia mara ya kwanza," akasema.

Akaondoa kidole, akazima kompyuta.

Sasa Fundi hukaa sebuleni. Chiriku humwita baba mara kumi asigeuke. Kisha Fundi huinuka ghafla, hujaza kikombe maji, na kwenda nacho chumba cha nyuma, hurudi, hukaa, huinuka tena.

"Mama, baba anaongea na nani?"

"Na shangazi yako."

"Shangazi anamwambiaje?"

"Anamwita."

"Si aende?"

"Anakwenda, mwanangu," mama husema, akimfunga vifungo vya sare. "Siku hizi anakwenda."