Pampu Isiyo na Kelele

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwenye duka la vyombo vya maabara vilivyotumika. Nilitaka pampu ndogo ya kuvuta hewa. Sharti langu lilikuwa moja tu: isiwe na kelele.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Stoo iliyo nyuma ya nyumba yangu niliigeuza maabara. Humo nilikuwa nakamua manukato ya maua kwa kuyachemsha taratibu ndani ya chupa iliyoondolewa hewa, yasije yakaungua. Pampu yangu ya kwanza ilikuwa ya mafuta. Nguvu ilikuwa nazo, lakini ilinguruma kama mashine ya kusaga. Iliendelea kunguruma hivyo hivyo alasiri ile binti yetu alipobanwa na pumu sebuleni. Alikuwa na miaka tisa. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Jirani aliyekuwa anaanua nguo alimsikia akiniita mara nne, akadhani ni utundu wake wa kila siku.

Mimi, hatua kumi na mbili tu kutoka alipokuwa, sikusikia kitu.

Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Bora angenilaumu. Baada ya mazishi, mwaka mzima tuliishi kama wapangaji wawili waliokutana koridoni. Hadi asubuhi moja akaniambia, macho yakiwa dirishani, "Baba Chiriku, rudi kwenye chupa zako. Ukiendelea kukaa hivi utaniozea humu ndani. Ila mashine ile sitaki kuisikia tena."

Ndiyo maana nilikuwa dukani jioni ile.

Mwenye duka, mama mtu mzima aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinisikiliza nikimweleza kazi yangu, kisha akaniwekea pampu mbili mezani.

"Hii ya mafuta inavuta kuliko zote," alisema. "Lakini mvuke wa dawa zako utayaharibu mafuta yake, kila mara utakuwa unamwaga na kutia mengine. Tena inafoka."

"Naijua kufoka kwake, mama."

"Basi chukua hii. Haina mafuta. Ndani yake kuna utando wa mpira, unapanda na kushuka kama kifua cha mtu. Haivuti sana, ila kwa kazi ya nyumbani inatosha."

Akaiwasha. Tak-tak-tak-tak. Nikatikisa kichwa. Ndipo nikaiona ya tatu kwenye rafu ya chini, ndogo, ya kijivu, haina hata chembe ya vumbi.

"Na ile?"

Aliinama kuitazama. "Ile... sikumbuki kuipokea."

Tukaiwasha. Akaliziba tundu la kuvutia kwa kidole gumba, na mshale wa geji, kile kipimo cha hewa, ukashuka taratibu, na mlio hakuna. Niliweka kiganja juu yake. Ilikuwa na joto. Ikapanda... ikashuka... ikapanda. Ilinukia penseli iliyochongwa sasa hivi.

"Ninaichukua," nilisema.

Yule mama alinishika mkono. "Mwalimu," alinong'ona, "penye kimya, mtu husikia mengi."

Kesho yake, baada ya vipindi, niliifunga kwa mpira wa kupitishia hewa kwenye chupa yangu na kuiwasha. Kimya. Nilianza kupunguza moto.

"Baba..."

Sauti ilitoka sebuleni.

Niliizima pampu. Kimya. Nikaiwasha tena.

"Baba... njoo."

Nilikimbia. Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, sahani imevunjika miguuni pake.

"Umemsikia?" nilimuuliza.

"Usiizime," alininong'oneza. "Nakuomba kwa jina la Mungu, usiizime."

Jioni iliyofuata aliihamishia sebuleni mwenyewe, bila chupa. Akaketi sakafuni, ncha ya mpira mapajani, akaongea na mwanawe. Chiriku aliongea kwa shida, neno moja, pumzi, neno moja. Aliuliza kama viatu vyake vipya bado vipo. Aliuliza kwa nini baba hakuja.

Nilimjibu. Nilimwambia yote. Nililia kama mtoto mdogo, na mke wangu, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akanishika kichwa.

Hapo ndipo nilipopumbaa. Mwalimu mzima sikujiuliza: mpira ule haukufungwa kwenye chupa yoyote, mbona mshale wa geji ulikuwa unashuka?

Hewa ilikuwa inavutwa kutoka wapi?

Jioni ya nne nilichelewa kurudi. Nilipokuwa mlangoni nilimsikia Chiriku akiongea mfululizo, sauti nyepesi na safi, kama zamani kabla ya pumu. Nikatabasamu. Nikafungua mlango.

Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, mpira kaukumbatia kifuani. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Mama, sasa napumua vizuri," ilisema ile sauti. "Nipe tena."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa.

"Chiriku!" nilipiga kelele. "Utamuua mama yako!"

"Kidogo tu, baba..."

Nilichomoa waya ukutani.

Sauti ilikatika katikati ya neno. Mke wangu akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka majini. Kisha akanipiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Umemuua mara ya pili," alisema. "Mara ya pili, na safari hii ulimsikia."

Niliuviringisha waya kwenye pampu, nikaitoa nje.

Pampu niliirudisha dukani. Yule mama aliifungia kabatini, akapiga kufuli. Mke wangu alihamia kwa dada yake.

Baada ya wiki mbili, jioni, simu yangu ikalia. Alikuwa shemeji, ananong'ona.

"Shemeji, dada kajifungia chumbani tangu mchana. Anacheka. Kwani humo anaongea na nani?"

"Vunja mlango!"

Nilipofika walikuwa wameshamtoa uani, wanampepea kwa kanga. Alikuwa hai. Niliingia chumbani. Pampu haikuwemo. Palikuwa na alama nne tu za miguu yake midogo ya mpira kwenye zulia, na nilipozigusa, zilikuwa na joto. Nilimpigia mwenye duka. Alikwenda kuangalia, akakaa sana. Kufuli lilikuwa zima, alisema, lakini kabati lilikuwa tupu. Akakata simu kabla sijauliza zaidi.

Nilirudi uani, nikapiga magoti mbele ya mke wangu. Hakuwa na hasira tena. Alinitazama kwa huruma, kama mama anayemtazama mtu aliyeingia kwa kishindo penye kitanda cha mtoto.

"Mngeniacha kidogo tu," alisema. "Alikuwa ameshaanza kulala."