Jicho la Kulia la Shangazi

Kila siku kengele ya kutoka shule ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia studio ya shangazi yake, akautundika mkoba nyuma ya mlango, akanawa uso na kuanza kazi. Kazi yake ilikuwa kuwatengeneza wateja kabla hawajapigwa picha. Alinyoosha kola, akafuta jasho puani, akawachekesha watoto wachanga wasiangue kilio taa zilipowaka. Aliiweza kazi hiyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jina la Chiriku alipewa na wateja hao hao, na hata walimu wake walilizoea.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Baba alikuwa fundi mwashi, kazi zikimhamisha huku na kule. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na studio pia ilikuwa ya watu wawili.

Shangazi alikuwa na mkono mzuri wa kupiga picha, lakini macho yake yalimsumbua tangu utoto. Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Juu ya hapo, kope zake zilikuwa nzito, na kadiri umri ulivyosonga zilizidi kulegea hadi zikafunika nusu ya macho. Alipotaka kupiga picha aliisukuma miwani hadi kichwani, akainua kope ya jicho la kulia kwa kidole, kisha akalibana jicho hilo kwenye kamera.

"Mama, umelala au uko macho?" wateja walimtania.

"Nimelala," alijibu. "Ndiyo maana wewe unaonekana mzuri."

Watu walicheka wakaenda zao. Lakini mlango ulipofungwa, Chiriku alimwona shangazi yake akisimama mbele ya kioo cha wateja, akizivuta kope zake juu kwa ncha za vidole, akijitazama.

Likizo ilipofika, Shangazi alitimiza jambo alilolingoja miaka mingi. Alikwenda kliniki ya macho akapigwa leza ili aachane na miwani. Chiriku alimsindikiza amwongoze njiani wakati wa kurudi, na alikuwa ameketi pembeni daktari alipotoa maagizo.

"Leza imekata mishipa midogo ya fahamu juu ya kioo cha jicho," alisema daktari, mama mnene mwenye sauti ya upole. "Kwa miezi kadhaa macho yatakuwa makavu, na hayatahisi vizuri. Hata yakiumia, huenda usisikie maumivu. Kwa hiyo usiache kutia matone."

"Na hizi kope, daktari? Nataka zikatwe kidogo, zipande."

"Zinaweza kukatwa, lakini si sasa. Kope ndizo zinazolipaka jicho machozi kila unapopepesa. Zikishakatwa, kwa muda huwa hazifungi sawasawa. Jicho kavu chini ya kope isiyofunga linaweza kuharibika. Subiri nusu mwaka, tupime machozi yako, halafu nitazungumza mwenyewe na daktari wa kope. Na popote utakapokwenda, mwambie kwamba ulipigwa leza."

"Nimeelewa," alisema Shangazi.

Siku chache baadaye walirudi kliniki macho yakaguliwe, na njia nzima ya kwenda nyumbani ilikuwa kicheko. Shangazi alisoma kila kibao walichopita, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hapa Tunashona Mapazia! Duka la Misumari! Usikojoe Hapa!" Chiriku alicheka hadi mbavu zikamuuma. Hakuwahi kumwona shangazi yake na furaha kama ile.

Furaha hiyo ndiyo iliyomtia pupa. Mwezi mmoja na kidogo ulikuwa umepita mteja mmoja aliposimulia kwamba kuna daktari mgeni, bingwa wa kope, aliyekuja katika hospitali moja ya mjini kwa muda mfupi, na kwamba angeondoka mwisho wa mwezi. Jioni hiyo Shangazi alimwambia Chiriku kwamba amepata nafasi.

"Lakini shangazi, daktari alisema nusu mwaka."

"Madaktari hupenda kuongeza siku. Macho ni yangu, mimi ndiye ninayeyajua. Yanauma? Hayaumi."

"Basi utamwambia huyu mgeni kwamba ulipigwa leza?"

Shangazi aliendelea kupangusa lenzi ya kamera. "Nikimwambia atanirudisha nyumbani, na akishaondoka sijui kama atarudi tena. Watu wamenicheka tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, mwanangu. Nimechoka." Kisha akainua uso. "Na huo mdomo wako, siku hiyo uufunge. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Siku ilipofika, kabla ya kutoka, Shangazi aliitoa chupa ya matone mkobani akaiacha mezani. Chiriku aliona. 

Hospitalini walipokewa na muuguzi wa makamo, mtu wa utani mwingi. Aliuliza maswali mengi, na Shangazi akajibu moja baada ya jingine.

"Macho yamewahi kufanyiwa upasuaji wowote? Au kupigwa leza?"

"Hapana."

"Unatumia dawa yoyote ya matone? Huhisi ukavu?"

"Hapana. Niko salama kabisa."

Muuguzi alimgeukia Chiriku akitabasamu. "Haya, bibi mdogo, wewe ndiye shahidi wetu. Shangazi yako amesema yote?"

 Chiriku alimtazama Shangazi, na Shangazi alikuwa akimtazama yeye, macho yakimsihi. 

"Ndiyo," alisema. "Amesema yote."

"Vizuri," alisema muuguzi, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa.

Siku za mwanzo uso wa Shangazi ulikuwa umevimba na kuwa na rangi ya zambarau, lakini alijipa moyo. Alikuwa ameambiwa kwamba uvimbe ni kawaida. Akafunga studio kwa muda, akabandika karatasi mlangoni kuwaomba wateja wavumilie.

Kisha mchana mmoja Chiriku alirudi kutoka shuleni akamkuta amejinyoosha kitandani, usingizi umemchukua. Aliinama amfunike shuka, akasita. Macho ya Shangazi hayakuwa yamefungwa. Chini ya kila kope palibaki mwanya, na katika mwanya huo palionekana weupe wa jicho, mkavu, hauna mng'ao. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, na mbele ya mboni palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Shangazi! Shangazi, jicho lako lina kitu."

Shangazi aliamka akajipangusa. "Ni uchovu tu wa kidonda. Haliumi hata kidogo. Nenda ukale."

Haliumi. Neno hilo lilimtia Chiriku baridi, kwa sababu alikumbuka maneno ya daktari wa leza: hata yakiumia, huenda usisikie maumivu.  Kesho yake darasani, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, ambaye wenzao walimwita Profesa kwa maswali yake yasiyoisha, alimwona ameinamisha kichwa.

"Leo umekuwaje? Tangu asubuhi hujasema neno. Unaumwa?"

Chiriku alimweleza yote kwa mnong'ono. Profesa alisikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuuliza swali.

"Kamwambie yule daktari wa kwanza," alisema.

"Shangazi hatanisamehe. Nilimwahidi."

"Akikununia, atakununia akiwa anaona. Twende tukimaliza vipindi. Mimi nitakubebea mkoba."

Walikwenda. Chiriku aliingia chumba cha daktari, akasema yote kwa pumzi moja: kope, matone yaliyoachwa mezani, swali la muuguzi na jibu alilotoa yeye. Daktari hakumkemea. Alisimama tu, kalamu ikamwanguka.

"Mlete sasa hivi. Si kesho. Sasa hivi."

Chiriku alikimbia hadi nyumbani. Shangazi aliposikia, uso ulimbadilika. "Nilikwambia ufunge mdomo!" alifoka. "Nilikuomba kitu kimoja tu!"

"Nisamehe, shangazi," Chiriku alilia. "Lakini twende. Tafadhali, twende."

Shangazi aligeuka kuchukua mtandio wake, mkono ukaukosa msumari ulikotundikwa. Akapapasa ukuta. Alifumba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia peke yake, kisha akakaa kitandani taratibu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "kuna ukungu."

Huko kliniki, daktari alitia tone la dawa ya manjano katika jicho lile, akazima taa ya chumba, akawasha tochi ndogo ya mwanga wa bluu. Doa jeupe likang'aa kijani kibichi. Kilikuwa kidonda, katikati ya kioo cha jicho, na vijidudu vilikuwa vimeshaingia. Daktari alimpigia simu yule bingwa wa kope, akaweka sauti ya simu juu ili wote wasikie.

"Leza?" ilisema sauti ya mbali. "Hakuna aliyeniambia. Ningejua, nisingezigusa kope zile. Ningemwambia asubiri, hata kama ingebidi nirudi kwa ajili yake."

Shangazi aliinamisha kichwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za matone tu. Kila saa, kuanzia alfajiri, jicho lilitiwa dawa. Mchana Chiriku alipokuwa shuleni, jirani alikuja kusaidia. Wakati wa kulala, kope zilifungwa kwa utepe laini ili zisiache mwanya. Polepole uvimbe uliisha, kope zikaanza kufunga, na kidonda kikapona. Jicho la kushoto liliokolewa, halikuguswa na ugonjwa. Lakini mahali pa kidonda, katika jicho la kulia, palibaki kovu.

"Jicho halitaoza wala kutolewa," daktari alisema siku walipoitwa kupimwa. "Tumewahi, na tumewahi kwa sababu ya huyu mtoto. Lakini kovu liko mbele ya mboni. Utaona mwanga, utaona kivuli cha mtu, lakini sura yake hutaitambua. Siku za mbele tutaangalia kama kuna upasuaji wa kukibadilisha kioo hicho. Siwezi kukuahidi."

"Kwa hiyo leza ilikuwa kosa?" Shangazi aliuliza. "Au kope?"

"Hakuna kati ya hayo lililokuwa kosa. Kila moja lingefanyika salama kwa wakati wake. Jicho lilihitaji kupumzika katikati, na kila daktari alihitaji kujua mwenzake alifanya nini. Daktari hawezi kukulinda na jambo asilolijua."

Shangazi alifungua tena studio. Watu walimsifu: kope zimepanda, uso umekuwa wa kijana, miwani hakuna. Alishukuru kwa adabu. Hakuna aliyejua kwamba alipomimina chai aliimwaga nje ya kikombe, au kwamba aliogopa ngazi kwa sababu hakujua kidato kinaanzia wapi. Siku ya kwanza aliinua kamera, mkono wa mazoea ukaipeleka kwenye jicho la kulia. Aliona ukungu tu, mteja akingoja na tabasamu lake. Kisha akaihamishia kushoto. Picha ikatoka imepinda. Akaomba radhi, akapiga nyingine, na nyingine tena.

Chiriku alinyoosha kola na kufuta jasho, lakini hakuchekesha mtu. Watoto walilia, naye akawatazama tu. Siku zilipita hivyo, hadi jioni moja Shangazi alipofunga mlango, akavuta viti viwili, akamkalisha mbele yake.

"Umenyamaza sana," alisema. "Niambie kilichoko moyoni."

 "Muuguzi aliniuliza, shangazi. Kama ningesema hapana, ungekuwa na macho yako yote mawili."

Machozi yalimlengalenga Shangazi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba machozi sasa ni dawa kwake, kwa hiyo hakuyazuia.

"Nisikilize vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima pale, na mimi ndiye niliyedanganya. Nilikubebesha uongo wangu, mtoto wa watu, nikaufanya ahadi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jicho. Miaka yote ile nilivumilia, nikashindwa kuvumilia miezi michache." Akamfuta Chiriku mashavu kwa ncha ya mtandio. "Mtu mzima akikuambia ufiche jambo la afya, hata akiwa mimi, hata akiwa baba yako, usimfichie. Msemee kwa daktari, msemee kwa mwalimu, msemee kwa yeyote anayeweza kusaidia. Atakasirika, na hasira itapita. Mimi nilikufokea siku ile, na leo nakushukuru. Jicho hili la kushoto ninalokuonea ni wewe uliyenibakizia."

Chiriku alimwegemea kifuani, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya kliniki. Shangazi alimwacha alie hadi akatosheka. Kisha walizima taa, wakafunga studio. Mbele ya ngazi za barazani Shangazi alisimama, akamshika bega.

"Nitangulie," alisema. "Na useme kila kidato."

"Hiki cha kwanza, shangazi," alisema Chiriku. "Shuka taratibu. Hiki kingine ni kifupi. Na hiki ndicho cha mwisho."