Dakika Zisizo na Mwenyewe

Mtoto wa Jumatatu alichelewa kulia, lakini saa ya ukutani ilisema hakuchelewa.

Mkunga aliyempokea alikuwa na miaka ishirini na sita ndani ya wodi ile, na wote, kuanzia daktari hadi mfagizi, walimwita Mama Kamili. Alikijua vizuri kile kimya kati ya mtoto kutoka na mtoto kulia. Ni kimya cha kumeza mate mara moja, basi. Siku hiyo alimeza mate hadi koo likakauka. Alimfuta mtoto mdomo, akamsugua mgongo, akampiga kidole kwenye unyayo, akamgeuza, akamsugua tena mpaka kiwiko kikamuuma. Akaitupia jicho saa: mshale wa sekunde ulikuwa umesimama. Mtoto akalia, mshale ukaenda.

"Amechelewa sana huyu," alisema, jasho likimtoka.

"Nani?" Nesi mwenzake, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliinua uso kutoka kwenye daftari. "Umemgusa tu akalia! Mama Kamili, uzee huo, shauri yako. Niandike saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Mbona ni saa nne na dakika kumi na mbili?"

"Nimesema na robo. Andika."

Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Alikuwa mtu wa kweli tupu. Angeweza kumwambia daktari mbele ya wagonjwa kwamba mikono yake inanuka sigara. Lakini dakika kumi na mbili, kumi na saba, arobaini na moja, zilimkera kama uzi unaoning'inia kwenye nguo. Alizikata. Kila mtoto aliyepita mikononi mwake alizaliwa saa kamili, na robo, na nusu, au kasorobo. Ungemwambia huo ni uongo, angekutimua.

Jumanne kimya kilirefuka zaidi, kikaja na harufu: maziwa yaliyoungulia sufuriani. Jumatano kikaja na sauti. Mzazi alikuwa ameachama mdomo, hapepesi. Redio kasimama, kalamu hewani. Tone la dawa lilining'inia kwenye mrija bila kudondoka. Na nyuma ya pazia la kitanda cha mwisho, kitanda kilichokuwa kitupu tangu asubuhi, kitu kilikuwa kinanyonya. Kilinyonya kwa pupa, kikisita, kikivuta tena, kama mtoto mwenye njaa, ila pumzi zilizotoka puani zilikuwa nzito, za mtu mzima.

Kisha mtoto akalia, na pazia likatulia.

Mama Kamili alimvutia Redio kwenye sinki la kunawia. "Umesikia nini pale?" alinong'ona.

"Nimesikia mtoto. Nini tena? Usiniangalie hivyo, unanitisha."

"Binti yangu anakuja kujifungua Ijumaa. Nataka mtoto umpokee wewe."

"Mimi? Baada ya wale wawili?" Redio kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Mwulize kwanza mwenyewe."

Alimpigia binti simu. Wale wawili walikuwa wajukuu zake, waliozaliwa hospitali ya mbali, mikononi mwa wageni, na hakuna aliyelia hata mmoja. Huyu alikuwa wa tatu, na daktari alikwisha kusema hatakuwepo wa nne.

"Mama, nitazaa mikononi mwako," binti alisema. "La sivyo nabana miguu mpaka mwaka mpya."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Wewe ukimshika atalia. Mimi sina lingine ninaloliamini."

Alhamisi, kimya kilipoingia, Mama Kamili hakuhangaika na saa. Alimbeba mtoto wa siku hiyo, asiyelia bado, akapita mbele ya macho ya Redio yaliyoganda, akavuta pazia.

Kilikuwa kimekaa kitandani, kimekunja miguu. Mwili ulikuwa wa mtu mzima, kichwa cha mtoto wa saa moja: utosi laini ukipiga, macho yamefumba kwa uvimbe, midomo imelowa.

"Karibu, mama," kilisema kwa upole, bila kufumbua macho. "Umenilea vizuri."

"Sijakulea mimi! Toka kwenye wodi yangu."

"Dakika tatu za mtoto wa fundi viatu alizitupa nani? Na nne za yule pacha wa kwanza? Sikuwa na pa kukaa, nikaziokota. Dakika isiyoandikwa haina mwenyewe."

"Dakika tatu! Kitambo kidogo tu hicho!"

"Kidogo kwa aliye nje." Kililamba midomo. "Kitambo hakina urefu, mama. Ni chumba. Urefu wake ni wa anayekaa ndani. Kesho mjukuu wako atabaki humu nami, na huko nje mtasema hakulia."

Hasira za Mama Kamili zilikuwa palepale. "Na nikizitaka hizo dakika zangu?"

"Haziwi zako kwa kuzitaka. Utakaa ndani yake. Moja moja."

Mtoto aliyembeba akalia, na kitanda kikabaki kitupu.

Ijumaa mchana, jua likiwa limejaa madirishani, binti alisukuma mara ya mwisho, mtoto akateleza akaingia mikononi mwa bibi yake, na kila kitu kikasimama. Mama Kamili hakusubiri kuitwa. Alikwenda kwenye kitanda cha mwisho, akakisukuma kile kitu kwa kiuno kama mtu anayegombea nafasi kwenye benchi, akakaa, mjukuu kifuani, akaanza na dakika mbili za mtoto wa kwanza kabisa aliyempokea maishani, na zilipokwisha alikuwa na njaa ya mwezi mzima, akaingia za wa pili, na za wa tatu, baridi ikimpanda mgongoni, kile kitu kikimlamba sikio, kikimbembeleza amwache tu mtoto, yeye aende zake, nje kuna jua, naye akazidi kukumbatia, akakaa dakika za watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, dakika za waliokwisha kuzikwa, mpaka akasahau ladha ya chumvi, akasahau mlango wa nyumba yake una rangi gani, akasahau mizaha ya Redio na uso wa Redio, akasahau hata kwa nini anakaa, akabaki anajua jambo moja tu, kwamba kilichomo mikononi hakiachwi. Na kwa kila dakika aliyoikaa kitu kile kilinywea, kikawa kama mtoto wa shule, kikawa kama paka, kikalia njaa kwa sauti nyembamba ya mbu, halafu hapakuwa na sauti.

Harufu ya maziwa ikakatika. Tone likadondoka kwenye mrija.

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, ngumi zimekunjwa.

"Huyo! Huyo!" Redio alipiga makofi. "Hata kufumba jicho sijamaliza, keshaanza fujo! Karithi kwa bibi huyu!"

Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mikono kainyoosha. "Mama, nipe. Analia, mama! Unamsikia?"

Mkunga alimfuta mtoto, akamfunga shuka, akamlaza kifuani pa yule mwanamke. Mikono ilijua kazi yake. Akautazama uso wa mzazi, uso mzuri uliojaa jasho, akatabasamu kwa adabu.

"Hongera sana, dada," alisema. "Mama yako yuko hapo nje? Nimwite aje amwone mjukuu."

Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Binti akasubiri mama yake naye acheke.

Akasubiri.