Daktari wa Jumanne

Zilibaki siku tatu Idi Kubwa ifike, na duka la vitambaa la Bwana Noorali, pale Mlandege, lilikuwa halina pa kutia mguu. Kila mwanamke alitaka chake kikatwe kwanza. Sumaiya alikuwa nyuma ya meza, mkasi mkononi, pini mbili mdomoni, mtandio wa waridi umemteleza nusu ya kichwa. Akaingia mwanamume mrefu, shati la buluu limenyooka kwa pasi, macho kayainamisha kwenye kishikwambi. Alikuja moja kwa moja mpaka kiuno kikagonga meza.

"Samahani. Mgonjwa yuko wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Hapa hapana mgonjwa, kaka," alisema Sumaiya, akitoa pini mdomoni. "Labda hawa wanaoumwa na lesi."

"Humu imeandikwa nimefika. Bi Mwatima, kisukari, kidonda cha mguu. Duka la Noorali, Mlandege."

Sumaiya akashika shavu. Bi Mwatima ni mama yake. Siku ya kumwandikisha kituo cha afya, Sumaiya aliulizwa mgonjwa anapatikana wapi, naye akajibu kama watu wa mjini wanavyojibu: hapo kwa Noorali, nani asiyepajua? Karani akaandika hivyo hivyo.

"Mama yuko nyumbani, Malindi. Anayepatikana hapa ni mimi."

"Basi nipeleke. Mimi Daktari Sabri."

Bwana Noorali alimpa ruhusa ya nusu saa. Wakatoka, yeye mbele na baibui lake, daktari nyuma na kishikwambi chake. Mara mbili Sumaiya alimvuta mkono wa shati asigongwe na mkokoteni.

"Daktari, ukigongwa wewe tumwite nani?"

"Ipo orodha humu."

Sumaiya hakujua kama anatania.

Tangu siku ile Sabri akawa wa kila Jumanne. Sumaiya alikuwa akitoka dukani mchana kumpokea.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sinia lako?" aliuliza, akikitazama kishikwambi.

Bi Mwatima alikuwa akiogopa madaktari wote. Jirani yake alikwenda hospitali na miguu miwili akarudi na mmoja, na tangu hapo yeye alificha mguu wake ndani ya kanga asiuone hata mwanawe. Lakini Sabri alimpiga picha kidonda, wiki iliyofuata akakipiga tena, akaziweka picha mbili pamoja na kumsogezea.

"Tazama, Bi. Wiki ile kilikuwa kama limau. Leo ni kama kokwa ya tende."

Bi Mwatima aliitazama picha ya mguu wake mpaka machozi yakamlenga. Kuanzia hapo, Sabri akigonga mlango, mguu ulikuwa nje kabla hajakaa.

Sumaiya ndiye aliyekuwa hamwelewi. Sabri aliuliza huku macho yako kwenye kioo.

"Anayekuangalia nyumbani nani?"

"Huyu, Sumaiya."

"Umri?"

"Ishirini na nne," alijibu Sumaiya mwenyewe.

"Kaolewa?"

"Bado," akadakia Bi Mwatima, haraka haraka.

"Hilo nalo linahusu kidonda?" Sumaiya akauliza.

"Lipo humu," alisema Sabri. Akatoa leso akajipangusa jasho shingoni. Ilikuwa Julai, na upepo wa dirishani ulikuwa wa baridi. Sumaiya aliliona jasho lile, akaliweka moyoni.

Simu nazo zilimchanganya. Sabri alikuwa akipiga saa ya kufunga duka.

"Mama kala nini leo?"

"Muhogo na samaki."

"Muhogo kiasi gani?"

"Daktari, nikupimie kwa yadi?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko maneno yake. "Na wewe umekula?"

"Nshakula. Hilo nalo unaliandika?"

"Hilo siliandiki, Sumaiya."

Basi kesho yake Sumaiya alipima yadi tatu za mteja mara nne. Lakini Jumanne ilipofika, Sabri akaja, akamwita "mwangalizi wa mgonjwa" kama kwamba hajawahi kumwita kwa jina. Ananipenda, alijiuliza, au ni mtu wa kazi yake tu? Akimwuliza na ikawa si hivyo, atamtazama vipi Jumanne ijayo?

Jumanne iliyofuata aligonga mlango mtu mwingine. Alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, koti jeupe juu ya gauni la maua, kishikwambi kama kile cha Sabri mkononi.

"Mimi Daktari Shahida. Sabri kaomba aondolewe nyumba hii. Kaomba mwenyewe."

Mwenyewe! Neno hilo lilimkaa Sumaiya kifuani kama mwiba wa samaki. Bi Mwatima naye akavuta kanga, akafunika mguu.

"Mguu wangu kauona Sabri. Nyinyi wengine mtanikata."

Aliombwa, akabembelezwa, hakufunua. Shahida akaondoka bila kuona kitu. Sumaiya akampigia Sabri, simu ikakatwa. Baadaye ukaingia ujumbe: "Siwezi kuja. Daktari Shahida ni hodari. Mwamini." Hakuna salamu, hakuna jina. Sumaiya aliusoma mara nyingi, na kila akiusoma ulizidi kuwa mfupi.

Wiki ile bandeji ikaanza kunuka.

Shahida aliporudi aliisikia harufu tangu mlangoni. Hakugombana. Alikaa chini mkekani. "Basi leo tuzungumze tu, Bi. Nnaanza upya fomu yako." Akauliza sukari, dawa, chakula. Akamgeukia Sumaiya: jina, umri, simu. Kisha akakifunga kishikwambi.

"Umesahau," alisema Sumaiya kwa uchungu. "Hujauliza kama nimeolewa."

"Nikuulize ya nini?"

"Si limo humo? Sabri aliniuliza."

Shahida akamgeuzia kioo, akaipandisha fomu kwa kidole, tangu juu hadi chini. Sumaiya alisoma kila mstari taratibu. Swali lile halikuwamo.

"Ala!" Shahida akaivua miwani. "Kumbe. Na kazini kwetu daktari haruhusiwi kumchumbia mtu wa nyumba anayoitibu. Hebu mpigie huyo bwana. Chukua simu yangu, hatothubutu kukata."

Sumaiya akapiga, akaweka sauti kubwa ili Shahida naye asikie.

"Sabri, uliniuliza kama nimeolewa. Nani alitaka kujua?"

Kwa mbali zilisikika nyundo za mafundi. Alikuwa Fumba, kunakojengwa nyumba mpya, kwa mgonjwa mwingine.

"Mie," alisema.

"Kisha ukatukimbia!"

"Sijakimbia. Nlitaka nije kwa mlango wa halali. Ningelitaja nikiwa bado nnamtibu mama, watu wangesema nnafunga bandeji huku nnatongoza. Nikaomba kutoka. Nikasema ninyamaze mpaka wazee wangu waseme."

"Wazee wako wanijue, mie nisijue? Nimelia wiki nzima, we Sabri."

"Nisamehe, kipenzi."

Lilikuwa neno tamu, naye alilingoja tangu Idi. Lakini harufu ya bandeji ilikuwa chumbani. Sumaiya akafumba macho.

"Mama hamfunulii mtu mwingine mguu. Kidonda kinaoza, Sabri. Rudi. Rudi uwe daktari wake, hayo mengine tuyaache."

"Nnakuja," alisema Sabri kwa unyonge. "Nikimaliza hapa nnakuja."

"Usije!"

Aliyesema ni Bi Mwatima. Alikuwa amejiinua kitandani, kanga imemwanguka begani. Akautazama mguu wake, akamtazama mwanawe, akautazama tena mguu. Kisha akavuta kanga, pole pole, mpaka juu ya goti.

"Daktari Shahida, njoo. Mimi nikipiga kelele usiache. Sumaiya, nishike mkono." Akaisogelea simu. "Na wewe, Sabri. Mlango huu usiuguse peke yako tena. Ukija, ni wewe na wazee wako."

Shahida alishafungua mkoba, anavaa glavu. Sumaiya alikuwa analia na kucheka, hajui lipi ni lipi.

"Sumaiya?" Sabri aliita. "Mama kasema. Wewe unasemaje?"

Mkono wa mama ulikuwa umembana vidole mpaka vinauma. Bandeji ya kwanza ilidondoka sakafuni.

"Ijumaa, baada ya Alasiri," alisema Sumaiya. "Asubuhi mjomba wangu Machano, wa kuwapokea wazee wako, yuko kazini bandarini, watamkosa."