Dirisha la Shangazi Piroska

Jumamosi ile foleni ya duka la keki la Shangazi Piroska ilikuwa imetoka mlangoni na kumwagika Mtaa wa Kárász, ikawazibia njia wapita njia, mbwa wawili na padri mmoja. Ulikuwa mwezi Machi, jua la kwanza la maana limetoka, na watu wa mji wetu wa Szeged, Hungaria, wakiona jua hula keki. Hatujawahi kuulizwa sababu, na tukiulizwa hatutajibu, midomo itakuwa imejaa.

Katikati ya foleni alisimama Boróka wa darasa la kumi na mbili A, koti la njano, skafu ya kijani, nywele amezibana juu kwa penseli. Nyuma yake alisimama Zalán wa kumi na mbili B, mkaazi wa bwenini, sweta ina tundu kwenye kiwiko na nywele zimesimama kana kwamba zimepata habari mbaya. Kwa miaka minne walikuwa wamepishana kwenye ngazi za shule bila kusalimiana. Wao wenyewe hawakuwa na ugomvi. Ila A na B zilikuwa vitani tangu darasa la tisa, siku ambayo B walivifunga viatu vyote vya A kamba kwa kamba wakati wa mazoezi ya viungo, na mtu mwenye heshima hawezi kumsalimia adui wa taifa lake.

"Umefuata nini hapa?" Boróka aliuliza bila kugeuka. Alikuwa amemwona kwenye kioo.

"Keki."

"Mwongo. Umefuata dirisha."

"Na wewe?"

"Mimi pia nimefuata dirisha. Ila mimi nina haki."

"Haki umeipata wapi?"

"Niko mbele yako kwenye foleni."

Dirisha lenyewe lilistahili kupiganiwa. Kila masika madarasa yanayohitimu hupanga picha za wanafunzi na walimu wao katika fremu moja kubwa, tablo, kisha tablo huwekwa kwenye dirisha la duka, ili mji mzima upite ukisema huyu kapendeza, huyu masikio kayarithi kwa babu yake. Darasa lisilo na ujanja huishia dirishani kwa mwuza nyama, likitabasamu kati ya soseji. Dirisha la Shangazi Piroska lilikuwa kubwa kuliko yote mtaani, na hakuna aliyepita pale bila kutazama ndani.

Walipofika kaunta, mashine ya kahawa ikinguruma, wote wawili walifungua mdomo kwa pamoja: "Shangazi, tunaomba dirisha kwa ajili ya tablo ya darasa letu."

Shangazi Piroska aliwatazama juu ya miwani yake minene, mmoja, kisha mwingine. "Nimewaelewa. Nitaamua mwisho wa Aprili, nikishaona kama mna adabu. Kwa sasa mnakula, au mnaziba njia?"

Meza iliyobaki ilikuwa moja. Keki ya krimu iliyobaki ilikuwa kipande kimoja, kinene, kinatetemeka.

"Kata katikati," alisema Boróka. "Na usinionyeshe ujanja wa B."

"Ningekuwa na ujanja ningekuwa nimekaa na adui?"

"Una krimu puani."

"Ni mbinu ya kivita. Unanitazama pua badala ya sahani." Na kweli, kipande chake Boróka kilikuwa kimepungua. Alicheka mpaka penseli ikaanguka, nywele zote zikamwagika mabegani, na Zalán, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kila aina ya shambulio, hakuwa amejiandaa kwa hilo.

Jumamosi iliyofuata wote wawili walirudi, kwa nia safi kabisa ya kumlainisha Shangazi Piroska. Na iliyofuata. Kufikia katikati ya Aprili hakuna kati yao aliyekumbuka kumlainisha shangazi. Walikaa meza ile ile, sahani moja, wakinong'onezana, na Zalán akawa anarudi bwenini anaimba, jambo lililowatia wenzake wasiwasi mkubwa kuhusu afya yake.

"Hazina yangu," alimwambia kwenye simu jioni moja, amejificha kwenye chumba cha kufulia, "nina habari. Nimewaambia B tusahau dirisha la Piroska. Tablo yetu itakwenda kwenye duka la miwani."

"Duka la miwani? Wamekubali?"

"Nimewaambia tutaonekana vizuri zaidi."

Boróka alicheka. "Zalán, umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Nimefanya kwa ajili ya amani ya dunia. Wewe umo humo duniani."

"Chizi wewe."

"Chizi wako."

Keshoye Boróka akasimama mbele ya darasa zima la A na kutangaza kuwa dirisha ni lao, ameapa, na asiyeamini aje Jumamosi asubuhi aone kwa macho yake.

Waliamka mapema Jumamosi hiyo, wakaja wote, wamebeba tablo yao kama jeneza la mfalme, mbele Boróka amevaa gauni jekundu kwa ajili ya picha. Walipokaribia duka wakasimama. Dirishani, katikati ya keki, chini ya utepe wa dhahabu, darasa la kumi na mbili B lilikuwa linawatazama. Wote. Na katikati kabisa, amevaa tai ya kipepeo, Zalán, anatabasamu.

Hakuna aliyempigia Boróka kelele. Ingekuwa afadhali. Walimtazama tu, kisha wakageuza tablo na kuondoka nayo kuelekea kwa mwuza nyama.

Simu ya Boróka ilimkuta Zalán kwao kijijini, mezani na wazazi wake.

"Hongera," alisema Boróka. "Tai imekukaa vizuri."

"Tai gani? Mpenzi, unalia?"

"Usiniite mpenzi. Duka la miwani, eh? Mimi nimewaapia wenzangu. Nimeapa, Zalán!"

"Subiri, sijui unachosema. Ngoja nimpigie Marci wa darasa letu, yeye ndiye aliyebeba tablo."

Akampigia Marci, akapiga tena kwa Boróka, anahema. "Sikiliza. Marci anasema walikuwa wanapita jana jioni na tablo, wanakwenda kwenye miwani, Shangazi Piroska akatoka nje mwenyewe akawaita waingie. Akawapa na keki."

"Akawaita mwenyewe."

"Ndiyo."

"Akawapa na keki."

"Najua inavyosikika."

"Inasikika kama B," alisema Boróka, akakata. Kuanzia hapo simu yake iliita ikachoka. Zalán alipiga asubuhi, akapiga wakati wa mapumziko kutoka upande wa pili wa ukumbi huku akimwona anaitazama simu na kuirudisha mfukoni. Alimsubiri getini; Boróka alitoka na msafara wa wasichana wa A, wamemzunguka, kwa kuwa wenzake walikuwa wameanza kumsamehe kwa sharti moja tu. Sharti lilikuwa amwache Zalán.

Na muda ulikuwa umekwisha. Jumamosi iliyofuata yalikuwa mahafali. Baada ya hapo ni mitihani, na hakuna aliyewahi kupatana na mpenzi wake katika chumba cha mtihani, ambamo hata kukohoa kunatiliwa shaka. Kisha Boróka ataenda Pécs kusomea udaktari, Zalán Budapest kusomea madaraja, na basi.

Asubuhi ya mahafali bibi yake Boróka alimtuma achukue keki ya mchana. Alijaribu kukataa. Kwa bibi yule hakuna kukataa. Basi aliingia dukani amevaa sare ya siku ile, blauzi nyeupe ya kibaharia yenye kola ya buluu, sketi ya buluu, utepe wa wahitimu kifuani, na uso wa mtu aliyekuja kutambua maiti.

Shangazi Piroska alipiga mikono. "Mungu wangu, kumbe wamekuacha uhitimu!"

"Wamemwacha nani, shangazi?"

"Wewe! Wiki nzima nimekutafuta kwenye ile tablo yenu. Nimepanda ngazi, nimetumia miwani miwili. Mvulana wako yupo, kapendeza, na tai. Wewe hupo! Nikasema jamani, wamemfukuza shule. Nilikuwa nakwenda Jumatatu kumwona mkuu wa shule, nimeshalipiga pasi koti langu."

Boróka aliishika kaunta. "Shangazi... wewe ndiye uliyewaita B ndani?"

"B ndiyo nini? Niliwaona vijana wamebeba tablo, nikaona sura ya mvulana wako, nikasema hii hapa, hawa ndio wangu. Nikawaambia nyinyi, dirisha ni huku, mnakwenda wapi? Yule mnene hakubisha hata kidogo."

"Mimi na yeye hatuko darasa moja."

"Nani kasema?"

"Shule imesema, shangazi. Miaka minne sasa."

"Mnakula sahani moja mwezi mzima, mnachekeana mpaka wateja wangu wanasahau kahawa, halafu mnataka mimi nijue kuwa mko madarasa mawili?" Shangazi Piroska aliudhika kweli. "Watu wa siku hizi hamjipangi."

Boróka alikuwa ameshatoka. Alikimbia na boksi la keki kifuani, kola ya kibaharia inampiga mgongoni, akakata kona, akamwomba radhi mwendesha baiskeli kwa kumpigia kelele. Alipofika shuleni kengele ilikuwa imelia na nyimbo zimeanza. Akamtupia mlinzi boksi, akapanda ngazi.

Wahitimu walikuwa wameanza matembezi ya mwisho: mstari mmoja mrefu, kila mtu mkono wake wa kushoto begani mwa aliye mbele, maua mkono wa kulia, wanaimba taratibu wakipita katika vyumba vyote walivyosoma. A walitangulia. Nafasi yake katikati ilikuwa imeshafungwa, akaukamata mkia. Nyuma yake, akiongoza B, alikuwa Mwalimu Kelemen wa hesabu, ambaye hakuna mtu hai aliyewahi kumwona akicheka. Na nyuma ya Mwalimu Kelemen, kwa kuwa B walipangwa kwa urefu na Mungu alimbania sentimita chache, alikuwa Zalán, suti nyeusi, macho sakafuni.

Waliingia chumba cha mwaka wa tisa. Wadogo walikuwa wamepamba madawati kwa maua ya rangi ya zambarau, harufu imejaa chumba.

"Mwalimu," alinong'ona Boróka bila kugeuka, "naomba umwambie Zalán kitu."

"Tunaimba, Boróka."

"Mwambie nimeongea na Shangazi Piroska."

Mwalimu Kelemen aliimba ubeti mzima. Kisha, kwa sauti anayotumia kutangaza mtihani wa ghafla, akasema juu ya bega: "Ameongea na Shangazi Piroska."

Macho ya Zalán yalipanda kutoka sakafuni. "Muulize, shangazi kasemaje?"

"Alidhani sisi ni darasa moja!"

"Alidhani nyinyi ni darasa moja," alifikisha Mwalimu Kelemen. "Nikizingatia alama zenu za hesabu, inawezekana."

Waliingia chumba cha mwaka wa kumi. Hapo dirishani ndipo A walipowamwagia B maji ya kufutia ubao, na dawati lile la nyuma ndilo Marci alilolalia mpaka akafungiwa ndani. Pande zote mbili zilikuwa zinaimba na kunyoosheana maua kama vidole, wengine wanacheka, wengine kamasi zinawatoka, adui kwa adui.

"Mwambie niliposema Marci aliitwa, nilikuwa nasema kweli," alisema Zalán.

"Mwambie najua. Mwambie nilikuwa naitazama simu kila ilipoita."

"Mwambie niliona."

"Mwambie basi mbona hakuja kuninyang'anya?"

"Mwambie alikuwa na walinzi!"

Mwalimu Kelemen sasa alikuwa anageuza shingo huku na huku kama mwamuzi wa tenisi, na alikuwa amepoteza wimbo kabisa.

"Halafu mwambie," alisema Zalán, "kama ni siku ya kusema kweli, yule kuku aliyewekwa ofisi ya walimu mwaka wa kumi na moja, niliyemweka ni mimi."

Kuku yule alikuwa ametaga kwenye kiti cha Mwalimu Kelemen.

"Hilo," alisema mwalimu, "nitalishughulikia mwenyewe."

Walitokea kwenye korido ndefu ya mwisho, ile inayoelekea uani, ambako wazazi, mabibi na mashada ya maua walikuwa wanangoja juani. Boróka alijua kuwa mlango ule ukishapitwa basi.

"Mwalimu, mwambie samahani. Mwambie nilimwita mwongo na ndiye mtu pekee aliyeniachia kitu alichokitaka. Mwambie nampenda."

Mwalimu Kelemen alifungua mdomo. Akaufunga. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Hilo sisemi mimi," alisema. "Kiatu changu kimefunguka."

Akatoka kwenye mstari, akainama ukutani. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Mbele ya Zalán kukabaki nafasi wazi ya hatua moja, mpaka kati ya A na B, ambao kwa miaka minne hakuna aliyeuvuka ila kwa shari. Nyuma yake Marci alinong'ona, "Nenda basi, ndugu yangu, tunachelewa chakula!"

Zalán akavuka. Mkono wake ukatua begani mwa Boróka, juu ya kola ya buluu.

Mbele yao darasa zima la A lilihisi mtikisiko ukipita bega kwa bega, likageuka kutazama. Mtu akapiga mluzi. Halafu B wakapiga makofi kwa miguu kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, na A wakajibu, korido nzima ikanguruma, na wimbo ukapanda kwa ufunguo ambao mwalimu wa muziki baadaye alikataa kuutambua.

Uani, mkuu wa shule alishika kipaza sauti. "Darasa la kumi na mbili A!" alitangaza, na mstari ukaanza kutoka mlangoni kuingia juani. Alisubiri A waishe ili awaite B. Walitoka, wakaendelea kutoka. Aligeuza karatasi yake. Akaitazama tena. A hawakuisha.

"Mkono wako mzito," Boróka alisema, anatazama mbele, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Niutoe?"

"Thubutu!"