Karibuni na Kwetu

Nyumba ile haikuwa na mlango, dirisha wala paa, lakini Bi Futi aliipigia hodi. Ndivyo alivyokuwa. Tangu aanze kazi ya kukagua majengo hakuwahi kukanyaga saiti bila hodi, hata kama ndani hamna kitu ila mchanga na mbwa aliyelala. Mafundi walimcheka kwa hilo, kama walivyoicheka futi ya chuma iliyoning'inia kiunoni mwake siku zote na ambayo ndiyo iliyompa jina.

"Hodi!"

"Karibu," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani. "Karibu ndani."

"Ahsante, nimeshakaribia," akasema Bi Futi, akaingia.

Hamkuwa na mtu. Jua lilikuwa la utosi na mafundi walikwenda kula. Kuta zilishafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango, na bila saini ya mkaguzi kwa hatua hiyo, fundi mkuu asingethubutu kupandisha hata tofali moja. Bi Futi akachungulia chumba cha kwanza, cha pili, cha mwisho. Kimya. Ila palinuka zege bichi, harufu nzito kana kwamba limemwagwa asubuhi ile, ilhali zege la mwisho pale lilikauka tangu mwezi uliopita. Akajisemea labda ni jirani aliyejibu, sauti husafiri. Akachomoa futi, akapima chumba cha mwisho.

Ramani iliyopitishwa ilisema upana ni futi kumi. Futi ikasema kumi na moja. Akatoka, akapima ukuta uleule kwa nje, akaukuta sawasawa na ramani. Akarudi ndani, akapima tena. Kumi na moja na nusu.

Akaiachia futi irudi kwenye kasha lake, nayo ikarudi kwa mlio wake wa siku zote: chrrr, tap. Na katika chumba cha pili, alichotoka kukichungulia muda si mrefu, ukasikika mlio uleule. Chrrr, tap.

Hakukimbia. Mkaguzi akikimbia saiti atasimuliwa mpaka anastaafu. Lakini mtu akishikwa na hofu, ulimi hufuata njia uliyoizoea, na wa Bi Futi ulizoea adabu. Alipofika kwenye uwazi wa mlango aligeuka, akasema vile asemavyo kila mtu aliyelelewa vizuri anapoondoka kwa watu:

"Haya, ahsanteni. Karibuni na kwetu."

"Tutakuja," ile sauti ikasema.

Bi Futi aliishi mtaa wa pili kutoka pale, yeye na mama yake tu. Mama alikuwa na macho hafifu na ulimi usiohitaji miwani. Alikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza, karibu ya mtu haikataliwi. Ukikaribishwa maji, kunywa hata kama umetoka kunywa. Ya pili, mtu hapigi hodi kwake. Hii alimwekea binti yake, ambaye kwa mazoea ya kazi alipiga hodi hata akirudi nyumbani.

"Mwenye nyumba akipiga hodi," mama alizoea kumtania, "aliye ndani ni nani?"

Jioni ile Bi Futi alipopiga hodi yake, hakutaniwa. Mama alikuwa ameketi sebuleni, kidole mdomoni.

"Polepole. Mgeni amelala."

"Mgeni gani, mama?"

"Mwenzako wa kazini. Amechoka, maskini, nimempa chumba changu. Alikuwa anaona haya, nikamwambia, jisikie huru, hapa ni kwako."

"Mwenzangu yupi?"

"Mimi nitamjuaje na macho haya? Anasema wewe ndiye uliyemkaribisha."

Bi Futi alikwenda chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilibonyea katikati kwa umbo la mtu mrefu kupita kiasi, na juu yake palikuwa na vumbi jepesi la saruji. Chumba kizima kilinuka zege bichi.

Aliogopa. Naye hakuwa mtu wa kuogopa upesi. Alishatishiwa na wenye pesa, na wenye mbwa, na wenye pesa na mbwa. Hii ilikuwa hofu nyingine. Alimsihi mama alale naye chumba cha pili, mama akakataa katakata. Mgeni haachwi peke yake kama mzigo, alisema.

Kesho yake mlango wa kabati la mama haukufunguka wote, uligonga kitanda. Keshokutwa yake haukufunguka kabisa. Bi Futi akapima chumba alichokifahamu kama kiganja chake: kilikuwa cha futi kumi, sasa kilikuwa saba. Alipokuwa bado ameinama, simu ikalia. Alikuwa fundi mkuu wa ile nyumba.

"Bosi, njoo uone mwenyewe. Chumba cha mwisho kinatuchanganya. Kila tukipima mbao, kesho yake hazifiki. Leo upana ni futi kumi na tatu."

Akaelewa, na kuelewa kukamtisha kuliko kutoelewa. Kilichoongezeka kule ndicho kilichopungua huku.

Usiku ule alilala sakafuni mlangoni kwa mama, akisikia futi ambayo si yake, kwa kuwa yake aliikumbatia kifuani, ikivutwa taratibu ukutani, ikiachiwa, ikivutwa tena karibu zaidi na kitanda, na kila ilipoachiwa alitaka kuinuka amtoe mama yake mle, na kila alipotaka kuinuka alihisi mtu amesimama juu yake gizani, anapumua harufu ya saruji, anangoja kwa adabu apishwe apite. Asubuhi mama alitoka na vumbi jeupe nyweleni. Ule ulimi wake haukuwa na utani tena.

"Mwanangu," akanong'ona, "jana amenipima. Alianzia kichwani."

Mganga aliyeitwa alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka kama fundi bomba mwenye kazi tatu kwa siku. Alinusa mlangoni, asiingie.

"Huyu hafukuziki. Mmemkaribisha wenyewe. Nani alimwambia hapa ni kwake?"

"Mimi," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mama, msindikize. Mgeni akisindikizwa na mwenyeji wake hana la kusema. Mfikishe mpaka kwake, umuage, urudi. Lakini usivuke kizingiti chake. Akukaribishe vipi, usiingie."

"Nitakwenda naye mimi," Bi Futi akasema.

"Wewe baki. Nyumba ikibaki tupu, atakuwa ameachiwa."

Mama alijitanda mtandio wake, akachukua fimbo. Mlangoni alisema, "Haya mgeni, twende nikusindikize," akatoka jua likizama, akizungumza na upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu. Bi Futi alimtazama mpaka alipokata kona. Mama yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukataa karibu ya mtu.

Hazikupita dakika nyingi, harufu ikakatika. Chumbani, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Bi Futi akakimbilia kupima: futi kumi, kamili. Akaketi kwenye kitanda cha mama yake, akalia kwa furaha.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama. Bi Futi alifika sebuleni, akasimama.

"Mama?"

"Hodi, mwanangu. Miguu inaniuma."

"Mbona... mbona unapiga hodi kwako?"

Kicheko kidogo, kilekile. "Si nakuiga wewe. Nisimame mpaka lini?"

Alichungulia dirishani. Mtandio ni wake. Fimbo ni yake. Mgongo ni ule uliopinda kwa kumlea yeye. Alinuka saruji, lakini ametoka saiti, angenuka nini? Bi Futi akaona aibu. Mzee wa watu ameubeba mzigo wa kosa la bintiye, halafu binti huyohuyo anamweka nje gizani anamhoji.

Akafungua. "Karibu, mama. Karibu ndani."

Mama akaingia, akampita, na Bi Futi akafunga mlango. Simu ikalia.

"Bosi, samahani," fundi mkuu alinong'ona. "Nimerudi saiti kuchukua koleo nililosahau. Hivi mama yako anafanya nini humu?"

"Nini?"

"Simwoni, namsikia tu, chumba cha mwisho. Nimepiga hodi akaitikia. Anasema alikaribishwa, akaona vibaya kukataa. Sasa ananikaribisha na mimi. Niingie?"

Bi Futi alifungua mdomo amwambie asiingie. Nyuma yake, sebuleni, kitu kilivutwa taratibu kutoka ukuta mpaka ukuta, kikaachiwa. Chrrr, tap.

"Ahsante, mwanangu," sauti ya mama yake ikasema. "Nimeshakaribia."