Barua Iliyokaa Mapokezini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Yustina alimkalisha mama yake kizingitini, mahali penye mwanga mzuri. Alishika kibano kidogo cha chuma. Alilifungua jicho la kulia la mama kwa vidole viwili, akatafuta kope zilizopinda na kuingia ndani, akazing'oa moja moja. Mama yake, Bibi Maria, hakulalamika. Aliliminya tu goti la binti yake kila kope ilipotoka.

Jicho la kushoto lilikuwa limekufa miaka mitatu nyuma. Lilikuwa jeupe kama maziwa ya mgando. Lililobaki ni hilo la kulia, nalo lilikuwa jekundu, likitoa machozi mchana kutwa.

Ugonjwa huo unaitwa trakoma. Wengi wanauita vikope. Mtu akiugua mara nyingi tangu utotoni, mwishowe kope zake hugeukia ndani. Hukikwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Kuzing'oa kunatuliza kwa siku chache, kisha zinaota tena. Unahitajika upasuaji mdogo wa kuzigeuza kope zitazame nje. Lakini jicho likishakufa, halifufuki.

Yustina aliyajua hayo kwa sababu alikuwa katibu wa kikundi cha Tuone, pale kijijini Issuna. Kikundi kilikuwa na wanachama kumi na wanane, wengi wao wakiwa na wagonjwa wa macho nyumbani. Hakikuwa cha biashara. Kilisajiliwa wilayani Ikungi, na mwenyekiti wake alikuwa mzee Sostenes, mkulima wa alizeti.

Mwaka jana, mwezi wa sita, kikundi kilipata bahati. Raymond, muuguzi wa macho wa wilaya, aliwaambia kwamba timu ya upasuaji ingeweza kuja kwenye zahanati ya Issuna kwa siku mbili. Upasuaji ungekuwa bure. Sharti lilikuwa moja. Majina ya wagonjwa wasiopungua thelathini yamfikie wiki moja kabla. Yakipungua, timu ingepelekwa kata nyingine.

Bibi Maria aliogopa hospitali. Mumewe alipelekwa mjini akiwa hai, akarudishwa kwenye jeneza. Kwa miaka miwili Yustina alimsihi aende Singida kupasuliwa, akakataa. Lakini aliposikia kwamba wapasuaji wanakuja Issuna, alikubali.

"Nikisikia sauti za watu ninaowajua, nitavumilia," alisema.

Wagonjwa walikuwepo, ila walitawanyika vijijini na huko kwa wafugaji. Hakuna mwanachama ambaye angeweza kuwafikia wote kwa miguu. Mzee Sostenes akasema redio ndiyo inayoingia kila nyumba. Basi Yustina akaandika barua. Aliandika kurasa tatu kwa mwandiko mzuri. Alianza kwa salamu, akaeleza jinsi kikundi kilivyoanzishwa, akataja viongozi wote na shida walizopitia. Chini kabisa ya ukurasa wa tatu akaiomba redio iwasaidie kutangaza. Alipanda basi hadi Singida mjini zikiwa zimebaki siku tano tu za kupeleka majina.

Dada wa mapokezi ya redio alimweleza kwa upole kwamba matangazo yanalipiwa, akamtajia bei. Yustina aliona hata kikundi kizima kikiuza kuku wake wote, hakitaifikia. Akaacha barua yake mezani. Akaambiwa itashughulikiwa.

Kwa siku nne wanachama waliishi na redio. Walisikia bei ya vitunguu, walisikia mpira, walisikia watu wakisalimiana toka Manyoni hadi Iramba. Issuna haikutajwa. Siku ya tano majina yalikuwa kumi na moja. Raymond alipopiga simu, alizungumza kama mtu mwenye aibu. Timu ilikuwa imeshapangiwa kwingine.

Mwezi wa nane upepo wa vumbi ulikuja. Jicho la Bibi Maria likapata kidonda. Alificha maumivu siku tatu. Siku ya nne alimimina uji pembeni ya kikombe, ukamwagika wote chini, naye akaendelea kumimina. Yustina alimchukua siku hiyo hiyo kwenda Singida. Safari hii hakumwomba ruhusa.

Daktari alipima kwa muda mrefu. Mwishowe alisema kope zitageuzwa ili maumivu yaishe. Kuona hakutarudi.

Tangu siku hiyo Yustina alikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi. Alikwenda shambani akasimama na jembe mkononi, asijue aanzie wapi. Aliacha kuhudhuria mikutano ya kikundi. Wenzake nao walikata tamaa. Mkutano wa mwezi wa tisa ulikuwa na watu watano, na wa mwezi uliofuata haukufanyika. Nyumbani, mama yake alijifunza kutembea kwa kupapasa ukuta. Kila mkono ule ulipogusa ukuta, Yustina aliusikia mpaka moyoni.

Siku moja ya mnada alipita mbele ya kibanda cha Ziada. Ziada ni mama wa Singida mjini anayekuja Issuna kuuza vitenge. Kabla ya biashara hiyo alifanya kazi miaka kumi na moja katika chumba cha habari cha redio. Yustina akamwamkia shikamoo. Ziada akaitikia, kisha akauliza habari za mama. Hapo Yustina akashindwa kujizuia, akamsimulia yote. Ziada akamwomba alete nakala ya ile barua. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, wateja wakimsubiri.

"Mdogo wangu, barua ni nzuri," alisema. "Lakini si ya redio. Mhariri wa habari anapokea makaratasi mengi kwa siku. Anasoma mistari ya kwanza. Isipomwambia kitu, anashika karatasi nyingine. Wagonjwa wako umewaweka ukurasa wa tatu."

"Kwa hiyo mama amepofuka kwa sababu mimi sijui kuandika."

Ziada alikunja kitenge, akakiweka juu ya vingine.

"Amepofuka kwa vikope," alisema. "Lakini barua ilichelewa, na iliingia mlango usio wake. Hilo siwezi kukuficha."

Akamkalisha juu ya robota la vitenge, akamweleza. Alisema redio ina milango zaidi ya mmoja. Tangazo la biashara hulipiwa, nalo hupokelewa na watu wa masoko. Ndiyo maana mapokezi walimtajia bei. Habari hailipiwi. Hiyo hupelekwa kwa mhariri wa habari, kwa jina lake. Tena vipo vipindi vya afya, vya kilimo, vya wanawake, na kila kimoja kina mtayarishaji anayetafuta wageni wa kuzungumza nao. Redio nyingi pia hutenga dakika za matangazo ya jamii kwa vikundi visivyo vya biashara. Lakini hawatakufuata nyumbani kukuambia. Lazima uulize, na uwe na nakala ya cheti cha usajili.

"Usiende kama mtu anayeomba msaada," Ziada alisema. "Nenda kama mtu mwenye habari. Watu kupofuka wakati tiba ipo, hiyo ni habari. Andika ukurasa mmoja. Mwanzoni kabisa sema nani, anafanya nini, wapi, lini, na kwa nini. Chini weka namba ya simu, na simu hiyo iwe hewani. Peleka wiki tatu kabla. Baada ya siku mbili piga uulize kama wameisoma."

Yustina alishukuru, akaenda zake. Hakuwa na matumaini yoyote. Alijua kwamba hata redio ikisema mwaka mzima, mama yake hataona. Lakini wengine wengi walikuwa bado huko vijijini, wakijing'oa kope na kunyamaza. Wiki ile ile alikwenda kwa mzee Sostenes, na wote wawili wakaenda kwa Raymond. Raymond aliomba tena timu. Akapewa siku mbili za Februari, kwa sharti lile lile.

Safari hii taarifa ilianza hivi: "Wagonjwa wa vikope watapasuliwa bure katika zahanati ya Issuna, wilaya ya Ikungi, tarehe 18 na 19 Februari, ili wasipofuke." Yustina aliandika mistari kumi na miwili tu. Ziada alimpa jina la mhariri, Mselemu, nalo likaandikwa juu ya bahasha.

Baada ya siku mbili akapiga simu. Mselemu alikuwa hajaisoma. Akamwambia apige kesho yake, baada ya kikao chao cha asubuhi. Kesho yake simu haikupokelewa. Yustina alitaka kuacha. Alikaa na simu mapajani mpaka jua likawa kali, akapiga tena. Mselemu akapokea, akasema ameisoma na mtayarishaji wa kipindi cha afya ameitaka. Akauliza nani atazungumza. Yustina akamtaja Raymond.

"Muuguzi ni sawa," alisema Mselemu. "Lakini wasikilizaji watataka kumsikia mtu yaliyomkuta. Mnaye?"

Wagonjwa aliowajua waliona aibu kutajwa. Mama yake alikuwa ameketi karibu, akipepeta mtama kwa mazoea ya mikono.

"Mwambie nitakwenda," alisema mama.

Yustina aliifunika simu kwa kiganja. Alimwambia watu watamsema.

"Watamsema mtu asiyewaona," alijibu Bibi Maria. "Mwambie."

Walikwenda redioni watatu, yeye, mama yake na Raymond. Mtangazaji alimwamkia Bibi Maria kwa heshima, akamweleza kila swali atakalomuuliza, akamwambia anaweza kukataa lolote. Raymond alieleza dalili za vikope na upasuaji ulivyo. Kisha ikawa zamu ya Bibi Maria. Yustina alimsikia kupitia kioo cha studio, katika spika ndogo.

"Mimi ni Maria wa Issuna. Sioni kabisa. Nilikuwa na jicho moja, nikaogopa hospitali, nikangoja. Sikuja hapa mnionee huruma. Kama kope zinakuchoma, usizing'oe na kunyamaza kama mimi. Njoo Issuna."

Kipindi kilirushwa siku hiyo, kikarudiwa siku ya tatu. Tangazo fupi la jamii lilisomwa wiki nzima. Simu ya Yustina ilianza kulia kabla hawajafika nyumbani. Watu walipiga kutoka Ikungi, kutoka Manyoni, hata kutoka Kilimatinde. Wengine hawakuuliza chochote, walitaja majina yao tu. Siku ya mwisho orodha ilikuwa na watu arobaini na saba.

Tarehe 18 foleni ilizunguka zahanati. Bibi Maria aliomba akalishwe kwenye benchi la wanaosubiri. Mama mmoja mgeni aliitambua sauti yake, akamwambia amekuja kwa sababu yake. Bibi Maria alimpapasa uso, akaliacha jicho bila kuligusa, akamwambia asiogope, ni maumivu ya sindano tu. Walipasuliwa watu arobaini na wawili. Watano walirudishwa. Macho yao yalikuwa yamekwisha. Yustina ndiye aliyewasindikiza mpaka barabarani, mmoja baada ya mwingine.

Ziada alikuwa amemwambia kwamba baada ya shughuli lazima redio ishukuriwe na ipewe matokeo, maana hiyo nayo ni habari, na ndiyo inayofungua mlango mara ya pili. Kwa hiyo jioni ya siku ya pili Yustina alikaa uani akaandika. Alimsomea mama yake mstari wa kwanza: "Watu arobaini na wawili wamepasuliwa macho Issuna na hawatapofuka kwa vikope."

Bibi Maria aliipapasa karatasi.

"Andika na waliochelewa," alisema.

"Ni watano, mama."

"Ni sita."

Yustina akainamisha kichwa juu ya karatasi. Akaandika sita.